Mafuta ya Manjano

Habamungu ana kisu kimoja na kiapo kimoja:
"Ya Masisi hii, mama, haki ya Mungu, ya Masisi."
Hata mwezi ule barabara ya Sake ilipofungwa
na hakuna ukwato ulioshuka kutoka mlimani,
yeye aliapa.
Mimi sibishani na mwenye kisu.
Ninanunua, ninarudi Birere,
ninaiachia sufuria imalize maneno.

Sufuria yangu haina haraka.
Nyama kwanza iungue kidogo, pande zote,
kisha kitunguu, nyanya, tangawizi, jani la seleri,
maji kikombe na nusu, si zaidi,
kifuniko, na juu ya kifuniko jiwe la lava
nililookota palipokuwa jiko la jirani.
Makala machache. Masaa matatu.
Ndani ya giza lile hakuna awezaye kudanganya kwao.

Ya tambarare, ya Rutshuru, hutoa harufu ya jua na vumbi,
mchuzi wake mwepesi, hukimbilia ukingoni mwa sahani.
Ya malori ya Bunagana ina mafuta meupe kama mshumaa,
yakipoa yanakuganda midomoni ukiwa bado unasifu.
Ile ya boksi, ya barafu, sijui niseme nini:
ukiitia chumvi inaomba chumvi,
ukiitia pilipili inanyamaza,
kama mgeni aliyefika bila kusema ametumwa na nani.

Ya Mushaki ninaijua kabla ya kuonja.
Mafuta yake ni ya manjano,
maana nyasi za kule hulala na umande hadi saa nne
na ng'ombe hula ukungu pamoja na majani.
Mchuzi wake hushika kijiko.
Tonge la bugali halizami; linaegemea.

Wateja hawajui haya. Wanajua mkono.
"Mama Tumsifu, leo mkono wako umechoka,"
fundi Katembo huniambia, akisukuma sahani.
Mkono ni uleule, Katembo.
Iliyochoka ni barabara.

Jumanne moja likaja paja jeusi,
jeusi kama ini, linanata kidoleni,
lakini pembeni, uzi mwembamba wa manjano.
Siku hiyo Habamungu hakuapa.
Alisema chini chini: "Mzee Serugendo ameshuka nao.
Siku tisa, kwa miguu, usiku usiku.
Wamebaki kumi na mmoja. Anauza kabla hawajafa."

Serugendo.
Zizi lake lilipakana na la baba.
Ndama walikuwa wakichanganyikana kwenye ua wa miiba,
sisi watoto tukiwatenganisha kwa majina,
Gaju huku, Bihogo kule.
Sikuuliza paja lilikuwa la nani.

Lilikaa motoni masaa matano.
Lilikunywa maji, nikaongeza, likanywa tena.
Ng'ombe aliyekimbia hubeba mbio zake mpaka kwenye jino:
nyuzi zimekaza,
utamu ameutumia njiani.
Na bado, nilipoliondoa jiwe,
mvuke ulipanda na mvua ya kwetu, na mikalitusi,
na mlango wa zizi alfajiri, baba akikohoa.

Niliuza.
Nina watoto wanne na kodi ya chumba.

Katembo alitafuna muda mrefu.
Akachomoa uzi katikati ya meno, akautazama.
"Ngumu," alisema.
Kisha akaivuta sahani karibu,
akazungusha tonge la mwisho hadi bati likang'aa.
"Ngumu. Lakini hii ni ya Masisi."
Nikampa kijiti cha meno na chenji yake.

Jioni, kabla ya kuosha,
niliona pembeni mwa sufuria
duara la manjano limeganda, jembamba kama pete.
Bidoni la maji lilikuwa tayari mkononi.
Nililiweka chini.
Nikaipitisha shahada mzunguko mmoja,
nikalamba,
nimesimama, mgongo kwa mlango.